Ngoma Ikilia Sana

Mwaka jana nilimchekesha mtaa mzima kwa jasho la mtu mwingine. Mwenyewe hakuwa na habari.

Ilikuwa Jumamosi, supamaketi mpya ikifunguliwa huku kwetu Eastlands. Kulikuwa na hema, spika mbili kubwa, watoto wakigawiwa maputo, na emsii aliyekuwa amekauka sauti kwa kutangaza ofa ya unga. Halafu akamwita jukwaani msanii mmoja. Sitamtaja jina, nimeshamtaja vya kutosha. Nilipokuwa darasa la tano, hakukuwa na tripu ya shule bila ngoma zake. Tuliziimba kwa basi moja baada ya nyingine, kutoka Nairobi hadi Nakuru. Alikuwa na kama miaka mitatu ya moto. Kisha, kama stima imepotea, kimya.

Siku hiyo aliimba huku akina mama wakimpita na troli zao. Nilitoa simu, nikarekodi sekunde ishirini na tatu, nikaposti na maneno manne: "Aliye juu mngoje chini." Kufikia jioni video ilikuwa imezunguka kila mahali. Watu walikufa kwa kicheko. "Huyu si alichapa kitambo?" mmoja aliandika, na mimi nikapenda komenti yake.

Kesho yake nikapata ujumbe kutoka kwa msichana aliyejitambulisha kuwa mpwa wake. Hakunitusi. Aliandika: "Dada, ile ilikuwa kazi. Aliitwa, akaimba, akalipwa, akarudi nyumbani. Sasa wewe ulilipwa ngapi?"

Nilifuta video. Swali halikufutika.

Nilianza kwa kujiuliza kosa lake lilikuwa gani hasa. Hakuiba pesa za umma. Hakuahidi barabara akakosa kuijenga. Alitoa nyimbo tulizozipenda, halafu akatoa nyimbo ambazo hatukuzipenda. Basi. Fundi wa viatu akikosa wateja tunasema biashara imekuwa mbaya. Msanii akikosa wasikilizaji tunasema ameisha. Yaani yeye mwenyewe, mtu mzima, ameisha.

Na si huyu tu. Mapema miaka ya 2000, Mr. Nice wa Tanzania aliirusha Afrika Mashariki nzima kwa mtindo aliouita Takeu, jina lililounganisha Tanzania, Kenya na Uganda. Leo mtaje mezani uone. Swali la kwanza litakuwa pesa zilienda wapi. Hakuna anayeuliza sisi tulienda wapi, sisi tuliokuwa tukiruka kwenye harusi zile.

Methali za kutuunga mkono hazikosi. Kivumacho hakidumu. Ngoma ikilia sana hupasuka. Nadhani wazee walikusudia tahadhari, ila sisi tumeigeuza kuwa hukumu: imepasuka, ilijitakia. Lakini ngoma haijipigi. Kuna mkono. Na mara nyingi ukiichunguza hiyo ngoma utakuta haijapasuka popote. Ni mkono uliochoka, ukahamia kwa ngoma nyingine.

Mfano ninaoupenda uko mbali na Nairobi. Kati ya mwisho wa 1977 na katikati ya 1979, ndugu watatu wa Bee Gees walifikisha nyimbo sita mfululizo kwenye namba moja ya chati ya Marekani. Sita, bila hata moja kuteleza. Kisha tarehe 12 Julai 1979, mtangazaji mmoja wa redio aliwaalika watu kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago. Ukija na sahani ya disko unaingia kwa senti 98, na kati ya mechi mbili sahani zinalipuliwa kwa baruti. Zikalipuliwa kweli. Maelfu wakavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa.

Disko ilikuwa muziki wa watu weusi, wa Walatino na wa mashoga kabla ya kuwa wa kila mtu, na wapo wanaosema chuki ile haikuwa ya muziki pekee. Kwa Bee Gees matokeo yalikuwa mepesi kueleza: redio ziliwakimbia. Kama waimbaji, hawakurudi tena kwenye kumi bora za Marekani hadi 1989.

Sasa angalia walichofanya katikati. Waliandika nyimbo, wakawapa wengine waimbe. Mwaka 1980 Barbra Streisand akafika namba moja na "Woman in Love". Mwaka 1983 Kenny Rogers na Dolly Parton wakafika namba moja na "Islands in the Stream". Zote mbili ziliandikwa na hao hao ambao eti walikuwa wameisha. Mikono ile ile, vichwa vile vile. Watu waliendelea kuwapenda bila kujua, mradi tu wasione nyuso zao.

Kwa hivyo kilichokatika kilikuwa nini? Si kipaji. Ni sisi.

Bee Gees walikuwa na mlango wa nyuma. Wasanii wetu wengi wa enzi ya kanda hawakuwa nao. Kazi zao zilinakiliwa na kuuzwa mtaani bila wao kuona shilingi, na redio ilipoacha kuwacheza hakukuwa na Streisand wa kumwandikia. Kulikuwa na ufunguzi wa supamaketi.

Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika kuhusu bahati katika maadili. Nagel anatupa dereva aliyezembea kukagua breki zake. Mtoto akitokea barabarani akagongwa, dereva atajilaumu maisha yake yote, na sisi tutamlaumu. Asipotokea mtoto, dereva atafika nyumbani, atakula, atalala. Uzembe ni ule ule. Kilichotofautiana ni mtoto, na mtoto hakuwa mikononi mwa dereva.

Nafikiri kwa mastaa tunafanya hivyo hivyo, na tunaongeza chumvi. Tukimpenda, tunasema ni kipaji. Tukimchoka, tunasema ni tabia: maringo, pombe, wanawake, marafiki wabaya. Tunatafuta dhambi ambayo itafanya kimya chake kionekane kama haki.

Rafiki yangu mmoja alinipinga. "Wacha huruma za bure. Wengine walijiharibia wenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Ni kweli, wapo waliotia maji. Lakini nawajua wenye maringo ambao bado wanajaza kumbi, na nawajua wapole waliosahaulika kabla ya mwaka kuisha. Kama dawa ile ile inaua mmoja na kumnenepesha mwingine, labda si dawa inayoua.

Akaniuliza tena: "Sasa unataka tusikize ngoma mbaya kwa adabu?" Hapana. Masikio ni yangu. Sina deni la kumpenda mtu milele kwa sababu nilimpenda nikiwa darasa la tano. Kuchoka si dhambi, na hakuna msanii anayedai hiti kama haki yake. Lakini kuchoka ni kitu kimoja, na kumtoza mtu faini kwa kuchoka kwangu ni kitu kingine. Nilipoposti ile video sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi kwa miaka, nikimngoja ashuke. Ile methali ilinijua vizuri kuliko nilivyoijua.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Machi 2003 tulimpoteza E-Sir kwenye ajali ya barabarani, akiwa na miaka 21, moto wake ukiwa ndio umewaka. Nyota yake ilikatika ghafla kuliko zote, na mpaka leo tunamtaja kwa heshima. Anastahili kila neno. Ila jiulize: angeishi, akatoa albamu nne tusizozipenda, akaitwa kufungua supamaketi akiwa na kitambi, tungemfanyia nini? Inaonekana msanii tunamsamehe kunyamaza kwa sharti moja tu, awe amekufa. Aliyebaki hai, analea watoto, analipa kodi ya nyumba, huyo ndiye tunayemwona ameanguka.

Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable" mwaka 2002, na wimbo ukabeba kampeni iliyoitoa KANU madarakani baada ya miaka 39. Sidhani kuna msanii anaweza kurudia jambo kama hilo. Gidi akaenda kuwa mtangazaji wa asubuhi Radio Jambo, akipatanisha wanandoa waliokosana huku sisi tumekwama kwenye jam. Sijawahi kumsikia mtu kwa matatu akisema ameanguka. Labda kwa sababu bado tunamsikia. Lakini kuna njia ngapi za kuishi baada ya hiti ambazo haziko redioni, na ambazo sisi tunaziita kuisha kwa sababu tu hatuzioni?

Wiki iliyopita niliitafuta ngoma ya yule msanii wangu. Nikisema ukweli, si kali vile nilivyokumbuka. Biti ni nyepesi, na beti ya pili hajajituma. Lakini niliimba yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukosa neno, na kwa dakika nne nilikuwa kwa lile basi la Nakuru, dirisha wazi, soda imemwagikia sketi.

Nilimjibu mpwa wake, miezi mingi nikiwa nimechelewa: "Sikulipwa kitu. Niliwahi kulipwa zamani, na mjomba wako." Alama mbili za buluu zikatokea. Hajajibu. Sidhani ana deni la kunijibu.