Aonaye kwa Mbali, Je, Amehudhuria?

Mama mmoja wa kijiji cha karibu na Kalunguta amefariki. Mwanawe yuko Kampala kwa kazi, na njia ya kurudi ni ndefu, ni ghali, tena ina hatari. Basi kijana mmoja ananunua mega, anainua simu yake juu ya vichwa vya watu, na kurusha maziko papo hapo: msalaba mbele, jeneza, nyimbo, katekista asomaye sala, udongo uangukao kaburini. Kule Kampala mwana anatazama na kulia. Jioni wazee wawili wanabishana. Wa kwanza asema: «Mtoto amemzika mama yake, maana ameona yote tuliyoyaona.» Wa pili ajibu: «Sivyo. Ameona maziko, lakini hakuzika.»

Huu ni mfano tu, lakini mambo ya namna hii hutukia siku hizi katika vijiji vingi. Yampasa mkatekumeni kujiuliza: ni nani kati ya wazee hao asemaye kweli?

Chombo ni kipya, lakini swali ni la zamani. Husimuliwa kwamba usiku wa Noeli ya mwaka 1252 Mtakatifu Klara wa Asizi alikuwa mgonjwa kitandani. Wenzake walipokwenda kusali, yeye alibaki peke yake, naye Mungu akamjalia kusikia kwa mbali nyimbo za kanisa la Mtakatifu Fransisko na kuliona hori la Mtoto Yezu. Kwa sababu hiyo Papa Pio XII alimfanya kuwa msimamizi wa televisheni. Papa huyohuyo, katika barua yake ya mwaka 1957 juu ya sinema, radio na televisheni, alivihesabu vyombo hivyo kuwa mapaji ya Mungu, akawaonya watu wavitumie vema. Tarehe 27 Machi 2020, wakati wa tauni ya korona, Papa Fransisko alisimama katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, akawabariki watu wa dunia nzima waliokuwa wamefungiwa nyumbani mwao. Tena tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa kuwa Mwenye Heri. Ndiye yule kijana wa forodha wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 kwa kuwa alikataa rushwa, asiruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuwadhuru watu. Ni Wakongo wachache tu walioweza kusafiri. Wengine waliona sherehe hiyo kwa televisheni na kwa simu.

Je, machozi na sala za watu hao zilikuwa bure? Hasha. Yezu alimponya mtumishi wa akida wa Kapernaumu bila kuingia nyumbani mwake. Neno la Mungu halizuiwi na umbali, wala upendo wa mwanadamu hauishii mahali mkono wake unapoishia. Kwa hiyo mzee wa kwanza amesema sehemu ya kweli.

Lakini mzee wa pili naye asidharauliwe. Watu wa Kalunguta wamekwisha kujifunza jambo hili kwa uchungu. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hata tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200 katika nchi hizi za mashariki, na Kalunguta haikuachwa. Maiti hawakuguswa tena na ndugu zao. Walizikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, jamaa wakisimama mbali. Katika mji wa Beni vilitumiwa vyumba vyenye kuta angavu, mgonjwa ndani, ndugu nje. Mama aliweza kumwona mwanawe na kusema naye. Je, ukuta ule ulikuwa neema? Ndiyo, ulikuwa neema kubwa. Je, ulimtosha mama? Haukumtosha. Alitamani kumfuta mwanawe jasho, na jicho halifuti jasho. Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ndiyo maana Yezu, aliyemponya mtumishi kwa mbali, aliingia nyumbani mwa Yairo akamshika binti mkono. Mwana wa Mungu hakutuma sauti yake tu toka mbinguni, bali alitwaa mwili, akachoka, akala pamoja na watu, akaguswa nao. Ndiyo maana pia Eklezya hufundisha kwamba hakuna sakramenti itolewayo kwa intaneti. Mkatekumeni aweza kusikia mafundisho kwa simu, na ni vema. Lakini maji ya ubatizo hayapiti katika simu. Mgonjwa atazamaye Misa akiwa kitandani anafanya vema, kama Klara. Aliye mzima, naye kanisa li karibu, akibaki kitandani na simu yake, huyo hana ugonjwa wa Klara; ana uvivu.

Tena liko jambo jingine ambalo wazee wale hawakulitaja. Yule kijana aliyeshika simu, je, yeye alihudhuria? Miguu yake ilikuwa kando ya kaburi, lakini macho yake yalitazama kioo. Alihesabu waliotazama, akatafuta mahali pazuri pa kusimama, akamsukuma mjane ili picha isizibwe. Kumbe mwana aliaye Kampala yaweza kuwa alikuwa karibu na maziko kuliko huyo! Mwili bila moyo si kuhudhuria. Na moyo bila mwili ni kuhudhuria nusu, ambako kwahitaji kutimizwa.

Macho hayana pazia, husema Waswahili. Kwa hiyo arushaye ndiye awe pazia. Mama aangukaye chini kwa kilio, nguo zikimvuka, si wa kuonyeshwa kwa wageni. Uso wa marehemu si bidhaa ya sokoni. Tena nchi hii ina adui. Kule Komanda, katika jimbo la Ituri, usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, watu zaidi ya 30 waliuawa, na wengi wao walikuwa katika mkesha wa sala kanisani. Penye hatari ya namna hii, atangazaye papo hapo mahali na saa ambapo watu wengi wamekusanyika bila ulinzi, hajui ni nani atazamaye. Heri arekodi, kisha apeleke baada ya watu kurudi makwao.

Mkatekumeni ayashike basi maneno haya machache:

Swali: Je, ni dhambi kurusha maziko au sherehe kwa simu?
Jibu: Si dhambi, ikiwa wenyewe wamekubali, ikiwa heshima ya wazima na ya wafu yalindwa, na ikiwa haileti hatari.

Swali: Atazamaye kwa mbali afanye nini?
Jibu: Aache kazi na mazungumzo, asali pamoja na wenzake, apeleke msaada wake kwa wafiwa.

Swali: Je, akifanya hayo amehudhuria?
Jibu: Amehudhuria kwa moyo. Yabaki deni la mwili, nalo lalipwa kwa miguu.

Hivyo wazee wawili waweza kupatana. Mwana wa Kampala asihukumiwe kwa kuwa hakufika, maana hakuweza. Lakini siku njia itakapofunguka, asiseme: «Nilikwisha kuona.» Aje Kalunguta, apige magoti kaburini, ang'oe majani kwa mikono yake, kisha aketi na mjane wa nyumba ile, amsikilize bila haraka, na simu ikae mfukoni.