Kalisi, Land Rover na Baridi ya Julai

Mwanangu anayeishi Dar es Salaam ananiomba nilipumzishe gari la marehemu baba yake. Anataka nilijengee banda la bati, nilifunike turubai na kuliwasha mara mojamoja, ili wajukuu waje walikute likiwa zima. Hoja yake si nyepesi. Ni Land Rover la mwaka 1976, Series III, lile refu lenye inchi 109 kati ya eksel ya mbele na ya nyuma, la injini ya petroli, na kiwanda kiliacha kuunda aina hiyo mwaka 1985. Likivunjika eksel leo, spea inatafutwa hadi ipatikane. Nami ninalipakia viazi, mbolea na mitungi ya gesi, tena mwezi Julai, wakati huku Uwemba, mkoani Njombe, sakitu inalala bondeni hadi jua lipande. "Mama, unakimaliza kitu ambacho hakitakuja tena," ananiambia. Neno lake nimelipima kwa uzito, kwani lina ukweli, na chini yake naona swali la imani. Tulichokabidhiwa tunakitunza kwa kukiepusha na kazi, au kwa kukipa kazi yake?

Asiyewahi kuishi nyanda za juu hajui baridi inavyoliingia gari. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi oili imekuwa nzito na injini haitaki kuzunguka. Betri nayo imepungukiwa nguvu saa ileile inapodaiwa nguvu nyingi. Petroli iliyopoa haigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo unavuta choki ili injini ipate mafuta mengi na hewa kidogo. Lakini huku kwetu hewa yenyewe ni pungufu, kwa takribani moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Baridi inadai petroli iongezwe, mwinuko unadai ipunguzwe. Ukiiacha choki nje kwa muda, plagi zinalowa na safari imeharibika. Mume wangu alinifundisha kuivuta yote, kupiga stata, na injini ikishika tu kuirudisha nusu huku nikisikiliza. Ikishindikana, ipo hendeli ya kupitisha kwenye bampa la mbele. Gia iwe huru, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha teke huvunja mkono.

Liko jambo lingine ambalo hata madereva wazoefu huwa hawalijui. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita moja. Injini ikiwa ya moto, maji hayo hutoka yakiwa mvuke na kupotea. Ikiwa ya baridi, hubaki ndani ya eksozi na kuila, na mengine hupenya hadi kwenye oili. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili unakuta utando mweupe. Ndiyo maana safari fupi ndizo zinazoliua gari kuukuu: kuliwasha, kufika mashineni, kuzima kabla halijapata moto. Na kuliwasha bandani mara mojamoja ni safari fupi kuliko zote. Petroli inachacha kwenye kabureta, breki zinashikana kwa kutu, betri inakufa. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa hiyo likisimama miaka mingi utaliona zima kabisa, wakati chasisi yake ya chuma inaoza huko chini.

Kwa sababu hiyo mashineni naenda kwa miguu. Gari linatoka pakiwa na safari ya kwenda mjini Njombe, mwendo wa kutosha kuipasha injini moto. Na kwa kuwa halitoki ovyo, usiku wa kuamkia safari napita kwa majirani kuuliza nani ana shida huko. Mmoja ana magunia ya viazi, mwingine ana mama wa kupelekwa hospitali ya Kibena, binti wa jirani anataka vifaranga. Naliona hili kuwa jambo kubwa. Chuma kile, kwa tabia yake tu, kimenikataza safari ya peke yangu. Ningekuwa na gari jipya, ningekwenda na kurudi bila kumbishia hodi mtu.

Hapa Uwemba tumelelewa na misheni ya Wabenediktini, na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, ina sura juu ya mtunza ghala wa monasteri. Benedikto anamtaka avitazame vyombo vyote vya kazi na mali yote ya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Nilipokuwa nikifundisha dini shuleni nilidhani maana yake ni heshima ya kutogusagusa. Nimezeeka ndipo nikatazama altare yenyewe. Kalisi ni chombo kinachoheshimiwa kuliko vyote kanisani, na hutumika kila asubuhi. Midomo inaigusa, inafutwa, inawekwa mahali pake, kesho inarudi. Ikichakaa ndani hupakwa dhahabu upya. Katika chombo kile sioni utunzaji na matumizi vikigombana.

Mtakatifu Thoma wa Akwino naye ana mfano wa nahodha: lengo lake la mwisho haliwezi kuwa kuihifadhi meli, kwani meli iliundwa kwa ajili ya safari. Thoma hakuwa akiijali meli. Alikuwa akimsema mwanadamu, kwamba hatukuumbwa ili tujihifadhi. Hilo linanigusa, maana wanangu wananiomba na mimi nipumzike, kwa upendo uleule na karibu kwa maneno yaleyale.

Hata hivyo siwezi kumwambia mwanangu kwamba hana haki. Nahodha wa Thoma angeweza kuundiwa meli nyingine. Na gari hili linakunywa petroli: lita moja inalipeleka kilometa sita hivi, na moshi wake tunauvuta sote. Sipakii mtu juu ya mizigo, na siku fundi atakapoigonga chasisi akaniambia haibebi tena watu, litasimama na sitabishana naye. Lakini ninapofikiri juu ya wajukuu, naona urithi wao haumo kwenye bodi tu. Umo pia katika kujua choki irudi lini na injini iliyoshika inasikikaje, na hayo hayapiti chini ya turubai.

Yule binti wa vifaranga ameanza kujifunza. Mikono yake ina nguvu ya kuzungusha hendeli, yangu sasa haina. Nimemwandikia mwanangu kwamba gari ni lake na hati itakuwa kwa jina lake, ila nikiwa sipo ufunguo ukae kwa binti huyo, naye aendelee kupita kwa majirani jioni kabla ya safari. Hajanijibu bado. Ameuliza tu bei ya betri mpya.