Picha Ikiganda, Anza na Waya

Kinyozi wa kisa hiki ni wa kutungwa, lakini ukipita Kabalagala jijini Kampala, kuanzia njia panda ya Muyenga hadi barabara ya Ggaba inapoelekea Kansanga, utakutana na wenzake wengi. Amepanga chumba na sebule nyuma ya maduka, penye mabati yaliyogusana na vijia visivyopitisha gari. Mchana ananyoa, usiku anatazama mpira. Antena yake imesimama juu ya paa kwenye bomba la chuma, na waya wake unateremka ukutani hadi dirishani.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, picha nayo ikaanza kuganda. Mchezaji anainua mguu apige, sura inavunjika miraba miraba, sauti inakatika, kisha kioo kinaandika kwamba hakuna mawimbi. Usiku ni hivyo, na asubuhi ni hivyo. Mchana jua likishawaka, picha inarudi safi kabisa. Kinyozi hakulitia maanani hilo la mchana, na hasara yake yote ilianzia hapo.

Jirani yake alikuwa mzee aliyewahi kuishi kwa kutengeneza redio na televisheni. Alimwona kijana akirudi na mfuko wa dukani, akamwita.

"Mwanangu, umeukagua waya kwanza?"

"Mzee, hii ni dijitali. Siyo zile redio zenu za betri. Hapa panahitajika busta."

Mzee akanyamaza. Kijana akaingia ndani, akafunga busta yake mpya, kifaa cha kukuza mawimbi, nyuma ya televisheni.

Kijana aliteleza kwa jambo ambalo limewatelezesha wengi. Uganda ilianza kutazama televisheni yake mwaka 1963, na kwa zaidi ya miaka 50 ugonjwa wa picha ulikuwa ukijieleza wenyewe. Chenga zilimaanisha mawimbi ni hafifu. Vivuli, yaani mtu mmoja kuonekana wawili, vilimaanisha mawimbi yanagonga kilima au ghorofa na kurudi. Mistari inayopita kwenye kioo ilimaanisha kuna kifaa cha umeme kinachoingilia. Mtazamaji alijua pa kuanzia. Kisha ikaja 17 Juni 2015, tarehe ya mwisho ya kimataifa ya kuhama analojia, na Kampala ikahama mwaka huo. Picha ikawa safi kuliko zamani, ila dalili zikapotea: mawimbi hafifu, mawimbi yanayorudi, waya mbovu, yote sasa yanaonekana kwa sura moja tu, picha kuganda. Anayeona kuganda akakimbilia dukani anatibu ugonjwa ambao hajaupima.

Busta ilimpa kinyozi furaha ya dakika chache. Alifungua menyu ya king'amuzi, akaona mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake. Ule wa nguvu ulikuwa umepanda karibu ufike mwisho. Ule wa ubora ulikuwa pale pale chini, ukirukaruka. Picha ikaendelea kuganda. Hakuna ajabu: busta hukuza kila kinachoifikia, kizuri na kibovu. Mawimbi yakishaharibika njiani, busta inakukuzia uharibifu. Tena minara ya televisheni ya Kololo haiko mbali na Kabalagala, ni kilomita chache tu upande wa kaskazini. Aliye karibu hivyo na mnara akiongeza busta, anaweza hata kukilemea king'amuzi kwa mawimbi makali mno na kuharibu picha iliyokuwa nzima.

Akanunua king'amuzi kingine. Hali ile ile. Akaona mnara mrefu upande wa Muyenga, akaigeuzia antena huko, asijue kwamba mnara wa simu si mnara wa televisheni. Sasa hata picha ya mchana ikapotea.

Jumamosi jioni kulikuwa na mechi kubwa, na mvua ilikuwa imeacha rasharasha. Kinyozi akaegemeza ngazi ukutani ili aigeuze antena. Mzee alimsihi kutoka barazani: "Shuka, mwanangu. Mabati yamelowa, na zile nyaya za umeme ziko karibu na bomba lako. Kesho tutaitazama pamoja." Kijana akasema ni dakika mbili tu. Viatu vyake vya plastiki havikuhitaji hata hizo mbili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii guu lilivunjika kweli, mfupa wa chini ya goti. Mechi akaisikilizia wodini kwenye simu ya mgonjwa mwingine. Na alikuwa na bahati: lile bomba la chuma lingegusa waya wa umeme, tungekuwa tunasimulia msiba.

Aliporudi nyumbani na magongo, mzee alimuuliza swali moja. "Picha inaganda saa ngapi?"

"Usiku na asubuhi. Mchana ilikuwa inatulia."

"Basi ni maji."

Mzee hakupanda popote. Alikwenda dirishani, mahali ambapo waya wa paani uliunganishwa na kipande kingine kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Aliibandua tepu. Likadondoka tone la maji. Uzi wa shaba wa katikati ulikuwa mweusi, na wavu unaouzunguka ulikuwa umeota kutu ya kijani na kumumunyuka vidoleni. Mvua ikinyesha, kiungo kile kilijaa maji na mawimbi yakaishia hapo. Jua likiwaka, kilikauka na picha ikarudi. Mzee akakata waya kidogo kidogo hadi alipofikia shaba inayong'aa, akafunga vichwa vya kuskurubu na kiungo chake, akavifunika vizuri, kisha akauacha waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondokee nje. Busta akaiweka kando. Siku ya pili, paa lilipokauka, fundi kijana alipanda akaielekeza antena Kololo. Gharama ya vifaa vyote haikufika hata bei ya busta.

Funzo lake ni hili. Picha ikisumbua, usianze na pochi, anza na maswali. Inasumbua saa ngapi? Baada ya mvua? Taa fulani au chaja fulani ikiwashwa? Izime uone. Je, majirani wanapata picha? Wakikosa wote, tatizo liko mnarani, na dawa yake ni kusubiri. Wakipata wao, tatizo ni lako. Fungua menyu usome ile mistari miwili. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa chini, busta haitakusaidia. Kagua waya kuanzia kwenye televisheni kurudi nyuma, kiungo baada ya kiungo, kabla ya kufikiria paa. Tazama antena za majirani zimeelekea wapi na vijiti vyao vimelala au vimesimama, kisha yako ifuate. Na kama unanunua televisheni iliyotumika ambayo imetoka ng'ambo, hakikisha inapokea DVB-T2, maana ndicho kiwango cha matangazo ya dijitali ya Uganda. Ya kizamani haitashika kitu bila king'amuzi, hata uinunulie antena ya dhahabu.

Paa ni kituo cha mwisho, na lina masharti yake: liwe kavu, pasiwe na dalili ya radi, maana ukanda huu wa Ziwa Victoria una radi nyingi kupita sehemu nyingi za dunia, na bomba la chuma likae mbali na nyaya za umeme hata likianguka. Ukiona huwezi kuyatimiza hayo yote, mwite fundi umlipe. Fundi na kiungo kipya ni rahisi kuliko busta, king'amuzi cha pili na mguu kwenye plasta.