KUNUNUA KAMYO YA OKAZYO: JE, ASIYEULIZWA ANYAMAZE?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.



Barabara ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi mpaka Kasumbalesa inapita kamyo usiku na mchana. Shaba inatoka, unga na mafuta vinaingia. Mtu akiona hayo anasema moyoni: na mimi nikipata kamyo moja tu, watoto watasoma. Anauza kiwanja, anakusanya pesa za ndugu, anatafuta kamyo ya okazyo. Hakuna ubaya. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alisafiri mpaka Sham na mali ya biashara ya Bi Khadija.

Lakini ndugu huyu anaingia katika kazi asiyoijua. Muuzaji anajua. Fundi anajua. Komisyonere anajua. Yeye peke yake hajui. Hapo ndipo lilipo swali letu la leo: asipouliza, je, sisi tunaojua tuna haki ya kunyamaza?

Wengine wanajibu: "Ni mtu mzima, ana macho. Tulimwambia inauzwa kama ilivyo." Tupime maneno hayo. Chasi iliyopasuka na kulehemiwa hufunikwa kwa rangi mpya. Moteri iliyochoka huoshwa ikang'aa, kisha huwashwa kabla mnunuzi hajafika, asione inavyosumbua ikiwa baridi. Hesabu ya kilometa hurudishwa nyuma. Mwenye kufanya hayo hakumwachia mwenzake macho, amemfumba. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ndani kumelowa, hakumlaumu mnunuzi kwa kutochimba. Alimwuliza muuzaji kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa watu wakione, na akajitenga na kila mdanganyifu. Basi neno "kama ilivyo" halihalalishi kuficha unachokijua.

Na yule ambaye hakupaka rangi, hakuuza, alikuwa amesimama tu pembeni? Imesimuliwa kwamba sahaba Wathila bin al-Asqa alikuwapo mtu alipouza ngamia kwa dirham 300. Mnunuzi akaondoka. Wathila akamkimbilia akamwuliza: umemnunua kwa nyama au kwa safari? Akasema kwa safari. Wathila akamwambia kwamba mguu wa ngamia una tundu, hatavumilia mwendo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirham 100, huku akimlalamikia Wathila kuwa amemharibia biashara. Jibu la Wathila lilikuwa kwamba walimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu.

Ndugu fundi, ndugu shofere, Wathila hakuulizwa. Alikimbia. Na ngamia mwenye tundu mguuni humchelewesha mwenyewe tu. Kamyo yenye breki mbovu ikishuka mlimani na mzigo huua wanafunzi walio kando ya barabara, ambao hawakununua kitu. Utasema nini siku hiyo, na ulikuwa unajua?

Tena Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuutangulia msafara njiani na kununua kabla haujafika sokoni, kwa maana mwenye mali hajaijua bei. Ugeni wa mtu si shamba la mwingine kuvuna.

Lakini mnunuzi naye ana wajibu wake. Mtume alimwambia mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Kufunga ngamia hapa ni nini? Njoo asubuhi, moteri ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni dalili kwamba inachoma oili. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Ingia chini utazame chasi, zaidi karibu na sahani inayobeba rimoki. Linganisha namba ya chasi na makaratasi. Soma matairi: namba 2319 ubavuni ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kichwa cha matairi 10 na rimoki ya matairi 12 ni matairi 22. Hesabu bei yake kabla ya kulipa. Usimalize pesa zote kwa kununua. Na fundi wa kukagua awe wako, umlipe wewe, asile komisyon ya muuzaji.

Pesa za ndugu nazo ziandikwe, kama Qur'an ilivyoamrisha kuandika deni katika Surat al-Baqara, aya ya 282. Ni mkopo au ni ushirika? Mkopo hulipwa hata kamyo ikifia njiani. Katika ushirika, hasara ni ya wote kwa kadiri ya mali zao. Jamaa nyingi huvunjika kwa sababu swali hili liliulizwa baada ya hasara.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: anayejua na aseme, hata akikosa komisyon. Asiyejua na aulize, wala asione haya.

Ee Mwenyezi Mungu, tupe riziki ya halali, uzitie baraka biashara zetu, uwalinde walio safarini. Amin.

(Usiitupe karatasi hii ovyo, ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukimaliza, mpe mwenzako.)