Je, Ni Halali Mtu Mzima Kuacha Mshahara Wake ili Achonge na Kuchora?



Swali la leo si la watu wa mjini peke yao. Mtu amefanya kazi ya karani, au ya msimamizi mgodini, kwa muda wa miaka 20 na zaidi. Kazi hiyo imemkausha. Usiku hapati usingizi, mchana huwakemea watoto bila sababu, na hata katika Misa ya dominika mawazo yake yako kwenye hesabu za juma lijalo. Tangu ujana mikono yake yajua kuchonga mti na kutia rangi. Sasa mvi zimeanza kuonekana, naye asema moyoni mwake: Nitaiacha kazi hii, nichonge mpaka siku ya kufa kwangu. Ndugu zake wasema ameingiwa na wazimu. Mkatekista aulizwa: Je, mtu huyu anatenda dhambi?

Wako wanaojibu upesi kwamba ni dhambi, kwa kuwa kazi ni wajibu na kuchora ni mchezo. Wako wengine wanaojibu upesi vilevile kwamba si dhambi, kwa kuwa maisha ni yake mwenyewe. Majibu yote mawili hayafai.

Kwanza, kuchora na kuchonga si mchezo. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, twasoma kwamba Mungu alimwita Bezaleli kwa jina lake, akamjaza Roho yake, apate kufanya kazi ya dhahabu, ya fedha na ya shaba, na kuchonga mawe na miti, kwa ajili ya Hema lake. Angalieni vema. Mtu huyu hakuwa mfalme wala kuhani. Alikuwa fundi wa mikono, naye Roho ya Mungu alimjaza kwa ajili ya kazi hiyohiyo ya mikono. Akiwepo mkatekumeni anayeogopa kwamba kila sanamu ni ya kipagani, na asome sura ya 25 ya kitabu hichohicho: Mungu mwenyewe aliamuru yatengenezwe makerubi mawili ya dhahabu juu ya Sanduku la Agano. Kinachokatazwa ni kuiabudu kazi ya mikono, si kuifanya. Katika nchi yetu ya Kongo, Bruda Marc Wallenda alianzisha shule ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi mwaka 1943, ili vijana wajifunze uchongaji. Mwaka 1949 ikahamishiwa Léopoldville, mji ambao leo waitwa Kinshasa, nayo ndiyo mwanzo wa Chuo cha Sanaa kilichoko huko hata sasa. Misioni isingejenga shule ya mchezo.

Tena, dhambi gani iko katika kubadili kazi? Petro aliacha nyavu, Mateo aliacha meza ya ushuru. Hatuwasifu kwa sababu waliacha. Twawasifu kwa sababu ya Yule waliyemfuata. Lakini mifano yao yatosha kutuonyesha kwamba mtu hakufungwa kwa mnyororo kwenye kiti alichopewa ujanani.

Basi, je, jibu la pili ndilo la kweli, kwamba maisha ni yake mwenyewe? Hapa yatupasa kukaa na kutafakari, maana hapa ndipo wengi huanguka. Nitawasimulia habari za mtu mmoja anayejulikana duniani kote.

Paul Gauguin alizaliwa Paris, nchini Ufaransa, mwaka 1848. Alipokuwa mtoto alisoma katika seminari ndogo karibu na mji wa Orléans. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika soko la hisa, yaani mahali ambapo matajiri hununua na kuuza sehemu za mali ya kampuni. Ni kazi ya wasiwasi: asubuhi mtu ni tajiri, jioni ni maskini. Yeye alipata fedha nyingi. Mwaka 1873 alimwoa Mette Gad, mwanamke wa Denmark, nao wakazaa watoto watano. Katika saa zake za mapumziko alikuwa akichora. Mwaka 1882 soko lile likaanguka, na mwaka uliofuata Gauguin akatoka kazini. Wanaoandika maisha yake hawakubaliani kama aliondoka mwenyewe au aliondolewa. Lililo hakika ni kwamba tangu hapo alitaka kuwa mchoraji tu.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Fedha zikaisha. Mette akawapeleka watoto kwa ukoo wake huko Copenhagen, akawalisha kwa kufundisha lugha ya Kifaransa na kwa kutafsiri vitabu. Gauguin aliwafuata, lakini hakukaa. Mwaka 1885 alirudi Paris pamoja na mtoto mmoja, Clovis, mwenye umri wa miaka 6. Wakati wa baridi mtoto akaugua ndui katika chumba kisicho na moto, na baba yake ikambidi abandike matangazo ukutani ili wapate mkate. Mwaka 1891 alikwenda visiwa vya Tahiti, mbali sana na watoto wake. Huko, kama alivyoandika yeye mwenyewe, aliishi na msichana wa miaka kama 13. Mwaka 1893 alirithi fedha za ndugu ya baba yake. Mette aliomba sehemu kwa ajili ya watoto, na kilichomfikia kilikuwa kidogo. Hapo hatuwezi tena kusema kwamba umaskini ndio uliomzuia.

Hapana shaka picha zake ni nzuri. Watu wenye ujuzi husafiri mbali ili wazione, wala mimi sitasema kwamba ni mbaya ili hadithi yangu ipate kuwa rahisi. Ndiyo maana swali letu ni gumu. Kama angalikuwa mchoraji mbaya, kila mtu angalisema: Mjinga, aliacha watoto kwa ajili ya takataka. Lakini zilikuwa nzuri! Je, uzuri wa picha waweza kulipa njaa ya mtoto?

Bwana wetu Yezu Kristu amekwisha kutujibu, ingawa hakunena juu ya picha. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, aliwakemea Mafarisayo kwa sababu ya desturi yao iliyoitwa korbani. Mtu aliwaambia wazazi wake wazee: Kile ambacho ningewasaidia nacho, nimekitoa kuwa sadaka kwa Mungu. Kisha hakuwapa kitu tena, naye akahesabiwa mcha Mungu. Yezu alisema kwamba kwa desturi hiyo walibatilisha neno la Mungu. Fikirini sana, ndugu zangu. Sadaka kwa Mungu ni kitu kitakatifu kuliko picha zote za ulimwengu. Na ikiwa hata sadaka kwa Mungu haiwezi kuondoa chakula cha baba na mama, rangi na patasi zitawezaje kuondoa chakula cha watoto? Mtakatifu Paulo naye, katika barua ya kwanza kwa Timoteo, sura ya 5, ahesabu mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake kuwa mbaya kuliko asiyeamini.

Kwa hiyo mtu aweza kutoa kilicho chake. Aweza kuacha heshima ya ofisi, viatu vizuri, nyama ya kila siku, na sifa za watu. Akitaka kula ugali na mboga ili apate kuchonga, hakuna Amri inayomzuia. Tena huenda roho yake ikapona. Lakini karo ya shule si yake, ni ya mtoto. Dawa ya mama mzee si yake, ni ya mama. Hivyo hawezi kuvitoa, kama vile huwezi kutoa mbuzi wa jirani kuwa sadaka.

Sasa mtazameni mtu mwingine wa nchi hiyohiyo na wa siku zilezile. Henri Rousseau, aliyezaliwa Laval mwaka 1844, alikuwa mtu mdogo katika ofisi ya ushuru ya mji wa Paris. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye malango na kukagua mizigo iliyoingia mjini. Yeye naye alipenda kuchora, lakini hakuliacha lango. Alichora katika siku zake za mapumziko. Mwaka 1884 alipata ruhusa ya kunakili picha katika jumba la Louvre. Tangu mwaka 1886 alionyesha picha zake mbele ya watu, nao wakamcheka. Miaka yote ambayo mke wake wa kwanza alikuwa hai, hata alipofariki mwaka 1888, Rousseau aliendelea kushika kazi yake. Mwaka 1893 tu, akiwa na umri wa miaka 49, ndipo alipoiacha kazi, akaishi kwa pensheni ndogo, na kwa kufundisha watu kuchora na kupiga fidla. Alichora misitu minene yenye simba na nyani, naye hakutoka Ufaransa hata siku moja. Majani yale aliyaona katika bustani ya mimea ya Paris. Ninyi mliozaliwa kando ya msitu wa kweli mtatabasamu mkiona picha zake, maana maua yapita vichwa vya watu kwa ukubwa. Lakini leo zimetundikwa katika majumba makubwa ya London na New York.

Wala msidhani namfanya kuwa mtakatifu. Mwaka 1907 aliingia katika hila ya kuibia benki, akashikwa. Nawaonyesha jambo moja tu katika maisha yake: alingoja. Na kungoja hakukuiua sanaa yake. Waseminari wangu waliwahi kuniuliza kama kuchora siku ya dominika hakuvunji amri ya tatu. Waalimu wa zamani wa maadili walitofautisha kazi nzito za mikono na kazi kama kusoma, kuandika, kuchora na kupiga muziki. Hizi za pili hawakuzikataza siku ya Bwana. Basi aliyekwisha kusikia Misa na achore mchana, na aone kama hamu hiyo yadumu mwaka mmoja, miaka mitano. Hamu isiyoweza kudumu kwa saa mbili za dominika haitadumu itakapopewa juma zima.

Tena mchovu asiamue neno kubwa akiwa katika uchovu. Nabii Elia, katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, alilala chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumpa kazi mpya papo hapo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Ndipo safari ikafuata. Wengine wanaodhani wanahitaji patasi wanahitaji kwanza usingizi, na daktari wa kuwapima damu.

Limebaki jambo la ndugu na jamaa, na hapa nitasema waziwazi. Mtu akipata mshahara, ukoo mzima hukaa juu ya mshahara huo kama ndege juu ya mti wenye matunda. Atakapotaka kuuacha, watalia kwamba anawaua. Na apime kilio hicho. Baba na mama wazee wana haki, mke na watoto wana haki, yatima aliyemchukua nyumbani ana haki. Lakini binamu mwenye nguvu aliyezoea kupewa bia na kitambaa hana haki, ana mazoea. Kumnyima huyo si kuvunja amri ya nne. Mara nyingi hutokea kinyume: watu huwapunguzia watoto ili kumridhisha binamu, na hakuna anayewaita wenye dhambi.

Nao wazee wasikate tamaa kwa sababu ya umri. Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa ofisa wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, alikuwa karibu na miaka 60 alipofungua karakana ya wachoraji mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1946. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Alitaka wachore walichokijua: Pilipili Mulongoy, mwana wa mvuvi, akachora samaki na ndege; Bela akachora kwa vidole vyake bila brashi; Mwenze Kibwanga akapanga mistari yake kama ukili wa mkeka. Mzee yule alifariki mwaka 1954. Alipewa miaka minane tu, nayo ilitosha.

Mtaniuliza: Na yule aliyekwisha kuondoka, kama Gauguin? Mwaka 1897 Gauguin alipata habari kwamba binti yake Aline, mwenye umri wa miaka 19, amefariki huko Copenhagen. Mwishoni mwa mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 49, umri uleule ambao Rousseau aliiacha kazi yake, alichora picha yake kubwa kupita zote, akaandika juu yake maswali matatu: tumetoka wapi, sisi ni nini, twaenda wapi. Ni maswali ya katekisimu, yanayofanana na yale aliyofundishwa utotoni katika seminari. Alikuwa bado na wana wanne hai. Hakurudi, alifariki visiwani mwaka 1903.

Aliyeondoka namna hiyo hana haja ya kuvunja patasi zake. Aende kuungama, kisha atafute njia ya kurudi kwa watoto. Bei ya kinyago cha kwanza atakachouza iende kwao, kabla hajanunua rangi nyingine. Na cha pili vilevile. Watoto wakiwa wamekwisha kukua, huenda wasizipokee fedha zile mara ya kwanza, wala mara ya pili. Asiwakasirikie, na asiache kuzipeleka.