Mota ya Servo Huaminiwa kwa Lipi?

Mota ya servo ni mota inayopewa amri ya kwenda kwenye pembe fulani na kukaa hapo. Ndani ya kisanduku chake mna mota ndogo ya kawaida, gia za kupunguza mwendo na kuongeza nguvu, potenshiomita inayopima shafti imefika nyuzi ngapi, na saketi ya kulinganisha pembe iliyoamriwa na pembe iliyopo. Amri hupita kwenye mmoja wa nyaya zake tatu, ule wa ishara, kama mpigo mfupi wa umeme unaorudiwa kila milisekunde 20. Mpigo wa milisekunde 1.5 huipeleka shafti katikati. Wa milisekunde 1 huipeleka upande mmoja, na wa milisekunde 2 upande wa pili. Pembe mbili zisipolingana, saketi huiendesha mota mpaka tofauti iishe.

Mtu anapoichagua servo moja kati ya nyingi na kusema kwamba hii ndiyo ya kuaminika, anatoa dai zito kuliko linavyosikika. Hasemi tu kwamba inafanya kazi leo mezani. Anasema itafanya hivyo kesho, ndani ya roboti iliyokwisha kufungwa, mara maelfu ambazo hakuna aliyeziona. Wanafalsafa wamebishana kwa karne nyingi juu ya haki ya kusema hivyo: yaliyoonekana yanashuhudiaje yasiyoonekana bado?

Wengi huanza kujibu kwa kusoma namba za lebo. Servo ndogo inayojulikana sana kwa jina la SG90 ina uzito wa gramu 9, na lebo yake huipa nguvu ya kuzungusha ya kilo-sentimita 1.8 kwenye volti 4.8. Maana yake ni kwamba mkono wa sentimita 1 ungeweza kuhimili kilo 1.8, na mkono wa sentimita 10 ungehimili gramu 180 tu. Tena namba hiyo ni ya pale mota inapokwama, yaani imeshindwa kuzunguka na umeme wote unaoingia unageuka kuwa joto. Servo inayowekwa karibu na kikomo hicho kwa muda mrefu huungua. Wajenzi wazoefu hupanga mzigo wa theluthi moja hadi nusu ya namba ya lebo, na hawafanyi hivyo kwa kuishuku namba. Inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikawa imejibu swali jingine: inasema kitu kinaweza nini kwa muda mfupi, ilhali mnunuzi anataka kujua kitadumu vipi.

Baada ya lebo, watu hukimbilia uzoefu. Fulani alitumia servo ya jina hili mwaka mzima bila shida, basi nyingine ya jina hilohilo nayo itadumu. Hapo ndipo hoja ya mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali inapohitajika. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095, alichukua mfano wa moto na pamba. Anayeiona pamba ikiungua ilipokutana na moto ameona mambo mawili yakiandamana. Ulazima wa moja kulileta jingine hakuuona. Kwake, kuungua ni tendo la Mungu, na kuandamana kwake na moto ni desturi aliyoipitisha. Al-Ghazali hakumkataza mtu kuitegemea desturi hiyo katika shughuli zake. Alichokataa ni kuipandisha desturi ikawa ulazima. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, alifika karibu na hapo kwa njia isiyomtaja Mungu: tunatarajia yajayo yafanane na yaliyopita kwa sababu ya mazoea ya akili, na mazoea si hoja.

Fundi wa roboti ana sababu ya karibu ya kulisikiliza onyo hilo. Servo inatetemeka na kurukaruka, na mara moja mota inahukumiwa kuwa mbovu. Mara nyingi kosa liko kwenye umeme. Servo kubwa kama MG996R huweza kuvuta ampia 2.5 inapokwama kwenye volti 6, ilhali mlango wa kawaida wa USB unaoilisha bodi ya kutoa amri, kama Arduino Uno, umekadiriwa nusu ampia. Mota inapoanza kwa kishindo, volti inaporomoka, bodi inajizima na kujiwasha upya, ishara inakatika, na shafti inaruka. Macho yaliona servo na mtikisiko vikiandamana, chanzo hayakukiona. Ukiwekwa ugavi wa umeme wa peke yake, waya hasi ukiunganishwa na ule wa bodi, na kapasita kubwa ikakaa karibu na mota, servo iliyokwisha kutupwa kwenye boksi la taka hutulia kimya. Kabla ya kusema kitu hakiaminiki, ni lazima kwanza ithibitike kwamba ni chenyewe kilichoshindwa.

Mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu al-Ghazali katika Tahafut al-Tahafut. Kila kitu kina tendo lake mahususi linalotokana na asili yake, alisema, na ni kwa asili hiyo kinapambanuliwa na kupewa jina. Asili ikiondolewa, majina nayo hayana cha kushika. Ubishi wa wawili hao hauhitaji kumalizwa hapa, lakini Ibn Rushd alitaja jambo ambalo mnunuzi wa servo hulikuta uso kwa uso: jina lina haki ya kubeba matarajio pale tu lilipo na asili nyuma yake.

Katika miaka ya 1950 Nelson Goodman, mwanafalsafa wa Marekani, alilisogeza jambo hilo mbele kwa mfano mwepesi. Kipande kimoja cha shaba kikipitisha umeme, ni haki kutarajia kwamba vipande vingine vya shaba vitaupitisha. Lakini mwanamume mmoja kati ya waliomo chumbani akiwa mtoto wa kiume wa tatu kwa wazazi wake, hilo halimpi mtu yeyote haki ya kutarajia kwamba wenzake waliomo humo nao ni wa tatu. Shahidi ni mmoja katika kila kisa, na bado ushahidi wa kwanza unasafiri, wa pili haubanduki pale ulipo.

Je, SG90 ni kama shaba, au ni kama kuwamo chumbani? Jina hilo limebandikwa kwenye servo za watengenezaji wengi. Mbili zenye kisanduku cha buluu kilekile na karatasi ileile zaweza kutofautiana kwa plastiki ya gia, kwa ubora wa potenshiomita na kwa saketi nzima. Kwa hiyo sifa njema ya servo ya fulani haihami pamoja na jina. Huhama pamoja na chanzo: kiwanda kilekile, malighafi zilezile, ukaguzi uleule. Aina yenye asili, ile ambayo kuona mfano mmoja hufundisha kitu juu ya mingine, ni utaratibu wa kutengeneza. Anayechagua servo kwa kweli anachagua ushahidi juu ya utaratibu huo.

Ushahidi wenyewe upo, na mara nyingi uko mahali ambapo tangazo halipasifu. Mtengenezaji anayeuza seti ya gia za akiba kwa servo yake anakiri kwamba vipimo vya gia hizo havibadiliki kila mzigo mpya unapotoka kiwandani. Asingethubutu kuziuza kama vingebadilika. Anayetoa mchoro wa vipimo, anayetaja umeme unaovutwa shafti ikikwama na si nguvu peke yake, anayeshika namba ileile ya bidhaa kwa miaka na kuibadilisha anapobadilisha kilichomo ndani, huyo ameliwekea jina lake asili. Gia za chuma, ambazo wengi huzifanya kipimo cha kwanza na cha mwisho, ni ushahidi mdogo kuliko zinavyodhaniwa. Haziongezi siku kwenye maisha ya potenshiomita, na roboti ikianguka hupeleka kishindo chote kwenye shafti na kisanduku, mahali ambapo gia ya plastiki ingevunjika yenyewe na kubadilishwa kwa gharama ndogo.

Hata hivyo utaratibu mzuri hauizungumzii servo hii moja iliyo mkononi. Wastani wa muda kabla ya hitilafu ni sifa ya kundi. Mwanamantiki John Venn alionyesha mwaka 1866 ugumu wake: kitu kimoja kimo katika makundi mengi kwa wakati mmoja, na kila kundi lina wastani wake. Servo hii ni ya kiwanda fulani, ni ya mzigo wa mwezi fulani, imekaa stoo yenye joto, na itawekwa kwenye goti la roboti badala ya shingo. Wastani upi ni wake? Wahandisi hupunguza uzito wa swali hilo kwa jambo wanalolijua juu ya vifaa vingi: hitilafu huwa nyingi mwanzoni, kwa sababu ya kasoro za utengenezaji, kisha hupungua kwa muda mrefu, kisha huongezeka tena uchakavu unapoingia. Basi servo mpya huendeshwa mezani kwa saa kadhaa, kwanza bila mzigo, kisha na nusu ya mzigo wake, ili iliyozaliwa na kasoro ishindwe hapo.

Jaribio hilo lina mambo ya kuangaliwa kwa makini. Servo inaamriwa kukaa katikati, kisha mkono wake unasukumwa kwa kidole kushoto na kulia. Nafasi ndogo inayocheza kabla ya mota kupinga ni ulegevu wa gia. Ikiongezeka baada ya saa za kazi, meno yanaliwa. Inaporudishwa katikati mara nyingi, alama ya penseli kwenye kisanduku huonyesha kama inarudi palepale. Ikigugumia mahali pamoja tu pa mzunguko wake, potenshiomita inashukiwa. Wenye kununua kadhaa za mzigo mmoja hufungua moja na kuichunguza hadi ndani. Hiyo inaweza isifae tena kwa kazi, lakini inazitolea nyingine ushahidi ambao zenyewe, zikiwa zimefungwa, haziwezi kuutoa.

Kinachobaki ni kasoro ambayo mnunuzi hana namna ya kuiona. Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kitu kilichofungwa ndani ya kisanduku methali hiyo haitoshi, kwa sababu chema na kibaya hutembea kwa sura moja. Mwanafalsafa Annette Baier alitofautisha mwaka 1986 kati ya kutegemea na kuamini: kinachotegemewa kikishindwa mtu hupata hasara, anayeaminiwa akishindwa mtu husalitiwa. Mota haisaliti. Anayeweza kusaliti ni aliyeitengeneza feki akijua, au aliyeiuza akaficha. Sheria ya Kiislamu ilikwisha kuliona hilo katika biashara ya nafaka na mifugo, ikampa mnunuzi khiyar al-ayb, haki ya kuvunja mauziano anapogundua kasoro iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa. Katika hadithi ya Mtume na muuza nafaka, mkono uliopenya kwenye lundo ulikuta unyevu chini, na lawama ikamwangukia muuzaji aliyeuacha umefunikwa. Kwa mnunuzi wa servo, muuzaji anayekubali kurudishiwa bidhaa bila mabishano ni sehemu ya ushahidi, tena si sehemu ndogo.

Ushahidi kiasi gani unatosha? Mwanafalsafa W. K. Clifford, katika insha ya mwaka 1877, alitoa mfano wa mwenye meli aliyejituliza moyo kwamba chombo chake chakavu kitafika salama. Clifford alimhukumu hata kama kingefika, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Ukali wake umezidi kwa roboti ya mezani inayopunga mkono. Hapo servo ya bei ndogo ikifa, hasara ni pesa kidogo na jioni moja ya ufundi. Lakini mkono wa roboti unaofanya kazi karibu na vidole vya watoto darasani, au usukani wa ndege isiyo na rubani inayopita juu ya watu, unaingia moja kwa moja kwenye hukumu yake. Huko hata servo njema ya kawaida ina upungufu wa kimaumbile: potenshiomita yake inajua shafti iko wapi, lakini habari hiyo haitoki nje, na bodi iliyotoa amri haijui kama imetiiwa. Servo za aina ya Dynamixel, za kampuni ya Robotis ya Korea Kusini, hurudisha taarifa za pembe, mzigo na joto, na bodi inaweza kusimamisha kazi joto linapopanda. Bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya SG90, na kinacholipiwa zaidi ni taarifa hiyo inayorudi.