Je, anayelipwa kwa kumtunza mgonjwa ana thawabu?



Tunasikia wengine wakisema: mwenye kupokea feza kwa kumwosha mgonjwa amekwisha kupata thawabu yake, mbele ya Mungu hana kitu. Je, ni kweli?

Tukumbuke mfano wa Msamaria. Alifunga vidonda, lakini kesho yake alishika njia. Aliyebaki na mgonjwa ni mwenye nyumba ya wageni, naye alipokea dinari 2, pamoja na ahadi ya kulipwa yatakayozidi. Bwana hakumlaumu kwa feza ile.

Kati yetu kuna mama mmoja anayemtunza mzee aliyepooza. Anamgeuza usiku asipate vidonda mgongoni, anamlisha uji polepole, anafua mashuka. Jamaa ya mzee walikaa miezi 3 bila kumlipa. Alipotulilia, sisi mashemasi tulimjibu: «Vumilia mama, ni kazi ya Mungu.» Watoto wake walilala njaa. Msamaria aliacha dinari, sisi tuliacha maneno matupu. Tulikosa.

Mshahara unalipa mikono na saa. Lakini mzee anamwita «binti yangu», na upendo huo haukuwekwa katika mapatano. Huo Mungu atalipa. Mshahara ni deni letu.

Baba Simon Kimbangu alianza kazi yake tarehe 6 Aprili 1921 kwa mwanamke mgonjwa. Basi tusiwaombee wagonjwa huku tukiwadhulumu wanaowatunza. Amina.